Fei Wenbo na Sigara Inayojizima

Hapa Yuxi, mji wa tumbaku kusini mwa China, mtu akikupa sigara unaipokea. Kama huvuti, unaichomeka nyuma ya sikio, unashukuru, mambo yamekwisha. Hata daktari wetu wa mapafu hutoka harusini akiwa na sigara nyuma ya kila sikio. Fei Wenbo, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa, hakulijua hilo, au alilijua akalisahau, kwa sababu yeye husahau vitu vingi, pamoja na miavuli yake yote na siku yake ya kuzaliwa.

Siku nilipompeleka kwetu kwa mara ya kwanza, mama yangu alimpa sigara kwa mikono miwili. Si sigara yoyote tu. Ilikuwa ile ya pakiti nyekundu aliyokuwa akivuta kaka yangu, marehemu Dechang, ambayo Mama huiweka kabatini kwa ajili ya wageni wa maana. Wenbo akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nami nikashusha pumzi. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akaipasua kwa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwaga tumbaku mezani na kuanza kuichambua kwa kidole.

"Wameikata nyembamba mno," akasema. "Ndiyo maana inakimbia kuungua."

Mama alichukua kitambaa akafuta meza. Akafuta na pale ambapo hapakuwa na tumbaku, akaendelea kufuta mpaka Wenbo alipoaga na kuondoka.

Alikuwa amekuja kuposa. Alitaka kumwoa wifi yangu Yunqiao, mjane wa Dechang, ambaye anaishi na Mama nyumba moja tangu breki za lori la kaka yangu zilipokatika kwenye mteremko, miaka sita iliyopita. Mimi ndiye niliyewakutanisha, kwa hiyo lawama zote zilinirudia mimi.

"Cuilian, umeniletea mchinjaji," Mama aliniambia mlango ulipofungwa. "Nampa sigara ya mwanangu, anaichinja mezani kwangu."

"Mama, ndiyo kazi yake."

"Kazi yake kuharibu?"

"Kazi yake kupiga hesabu ya namna sigara inavyoungua."

Mama akanitazama kwa huruma, akiona kwamba na binti yake naye kichwa kimeanza kulegea. "Hiyo mimi namwambia bure," akasema. "Unaiwasha huku, inaishia huku."

Si Mama peke yake. Kila anayesikia kazi ya Wenbo hucheka kwanza, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Tunafanya kazi katika maabara moja. Mimi naendesha mashine ya kuvuta: chombo kirefu chenye midomo mingi, kila mdomo na sigara yake, kinavuta sekunde mbili, kinapumzika, kinavuta tena. Mtumishi asiyechoka wala kukohoa. Wenbo hukaa chumba cha pili na kompyuta yake. Humo ameikata sigara moja vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kipande anakiuliza maswali: joto lako kiasi gani, unyevu kiasi gani, hewa inakufikia kutoka wapi? Majibu ya kipande kimoja ndiyo maswali ya kipande cha jirani. Kompyuta huhangaika hivyo hadi jioni, na mwisho wake anapata sigara inayoungua bila moto.

"Cuilian, sigara haiungui tu, inapumua," ataniambia, na hapo ujue chai yako itapoa. "Ukiivuta, hewa inaingia kwa nguvu pembeni mwa kaa, pale karatasi inapokutana na moto. Ukiiacha, hewa inapanda polepole kuizunguka, kaa linachongoka, linajilea lenyewe. Lakini linapojilea, lazima liipashe moto tumbaku ya mbele kabla ya kuimaliza ya nyuma. Likichelewa kidogo tu, limekufa."

Anasema "limekufa" kwa masikitiko, kama anamtangazia mtu msiba.

Sababu yake ninaijua. Baba yake alikuwa na tabia ya kulala na sigara mkononi. Mara ya kwanza aliunguza blanketi, mara ya pili godoro, na mara ya tatu aliamka chumba kimejaa moshi na nyusi hana. Wenbo, mtoto wa shule ya msingi wakati huo, ndiye aliyemburuta nje kwa miguu, kichwa cha mzee kikigonga kila ngazi. Mzee alipona, akalalamikia kichwa tu. Lakini mwanawe tangu siku hiyo hajatia sigara mdomoni, na maisha yake yote ameyatumia kutafuta sigara moja: ile ambayo ukiiacha inajizima yenyewe. Unaweka mikanda ya karatasi nzito ndani ya karatasi ya kawaida. Kaa likifika kwenye mkanda na hakuna anayevuta, linakosa hewa na kufa. Mtu akivuta, linavuka. Shida yote ni mkanda uwe mzito kiasi gani, na hapo ndipo hesabu inapotakiwa. Najua mnachotaka kuniambia, kwamba dawa hasa ni kutokuvuta. Mimi ninayesafisha mipira ya ile mashine najua kinachobaki ndani yake, na sijawahi kuvuta.

Mwaka wake wa kwanza tuligombana vibaya sana. Kwenye kompyuta yake sigara ziliungua vizuri hadi mwisho. Kwenye mashine yangu, sigara hizo hizo zilikuwa zikifa katikati. Akasema mashine yangu mbovu. Nikamwambia, "Hesabu yako inawaka, sigara yangu imezimika. Twende sokoni tukamuulize muuza nyanya nani yuko sahihi." Tulinuniana majuma mawili. Asubuhi moja akaja na maandazi ya mvuke, akayaweka mezani pangu na kusimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nilisahau kwamba tuko juu," akasema.

Alikuwa amechukua kipimo cha hewa kutoka vitabu vya watu wa pwani. Hewa yetu ya milimani ni nyepesi. Huyu mtu alizaliwa hapa, amekula wali wa hapa unaochelewa kuiva, amepanda ngazi za hapa akihema, na bado alisahau kwamba Yuxi iko milimani. Ndivyo alivyo. Kitu kilichomo ndani ya sigara hakimpiti, ila kilichoizunguka mpaka akumbushwe na wengine.

Yunqiao ana mgahawa wa tambi za mchele mbele ya geti la maabara yetu. Nilimpeleka Wenbo pale kwa sababu alikuwa akila mkate mkavu juu ya kompyuta. Siku tatu mfululizo alikula huku amelikodolea macho jiko la makaa, yale makaa ya kushindilia yenye matundu. Siku ya tatu akaweka vijiti chini.

"Dada, jiko lako linakosa hewa. Makaa umeyapanga matundu hayaonani."

"Na wewe tambi zako zinapoa," wifi akamjibu.

Akapiga magoti pale pale, suruali nzuri kwenye majivu, akayapanga matundu yakaonana, akavuta kifuniko cha chini kidogo tu. Kesho yake Yunqiao alikuta moto wa jana bado mzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu anunue lile jiko. Akaniita pembeni.

"Wifi, mtu wako ameliangalia jiko langu siku tatu. Mimi hajaniangalia hata mara moja."

"Subiri," nikamwambia. "Anakwenda kwa utaratibu."

Na kweli, alipomaliza jiko, macho yake yakahamia kwa Yunqiao. Sijawahi kuona wifi yangu akicheka vile tangu Dechang afariki. Wenbo akija anamwekea mnanaa mwingi bila kuombwa, na Wenbo, asiyekumbuka siku yake ya kuzaliwa, aliikumbuka ya Yunqiao. Nilifurahi, na niliumia kidogo pia kwa ajili ya kaka yangu. Sitaficha hilo. Mtu anaweza kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na kazi zikaendelea.

Tatizo likabaki Mama. Ile sigara iliyochinjwa ilikuwa kisingizio tu. Mama alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa kwake: Yunqiao akiolewa atahama, na nyumba ile itabaki na Mama, runinga na paka. Mimi naishi upande wa pili wa mji na mume na mama mkwe wangu mwenyewe. Lakini kwamba Mama aseme "naogopa kubaki peke yangu"? Thubutu. Badala yake alisema:

"Tutamuuliza mwenyewe."

Mwenyewe ni Dechang. Kila majira ya kuchipua, siku ya kufagia makaburi, tunapanda mlimani kuwasalimia waliotutangulia. Tunang'oa majani, tunaweka chakula na kinywaji, na kama marehemu alikuwa mvutaji, tunamwashia sigara na kuisimamisha kwenye jiwe lake. Ikiungua mpaka mwisho, ameifurahia na neno uliloleta amelikubali. Ikizimika njiani, kuna jambo halimpendezi. Shangazi yangu aliacha kuuza shamba kwa sababu ya sigara ya mumewe iliyozimika. Hakuna anayebishana na sigara ya kaburini.

Nilipomweleza Wenbo nilidhani ataogopa. Alifurahi mno.

"Sigara ya pakiti nyekundu? Imesimama wima, mlimani, kwenye upepo?" Akapiga meza. "Itaungua mpaka mwisho. Ile inakimbia, nilimwambia Mama."

Basi siku ikafika. Tulipanda wanne: Mama mbele na pakiti nyekundu mfukoni, Yunqiao na kikapu cha chakula, mimi na fagio, Wenbo na machungwa. Msimu huo mlima unakuwa mkavu kabisa, sindano za misonobari zinavunjika chini ya viatu. Kwenye geti la kupandia tukamkuta Kuang, niliyesoma naye shule ya msingi, amevaa kitambaa chekundu mkononi na bomba la kunyunyizia maji mgongoni. Kipaza sauti juu ya mti kilikuwa kikirudia bila kuchoka kwamba moto hauruhusiwi.

"Hakuna kuchoma karatasi, hakuna fataki, hakuna sigara," Kuang akasema, akanyoosha mkono. Pakiti ya Mama na kiberiti vikaingia kwenye beseni pamoja na vya koo zote zilizotangulia.

"Kuang," Mama akasema, "mimi nimekufuta makamasi wewe."

"Ndiyo, Mama, na nashukuru. Mlima ukiungua tutafutana machozi."

"Mwanangu akae bila sigara mwaka mzima?"

"Mpe chungwa."

Yunqiao aliinamisha uso. Bila sigara hakuna swali, bila swali hakuna jibu, na Mama angesubiri mwaka mwingine kwa furaha kabisa. Ndipo Wenbo akajipenyeza mbele, macho yanameta, akatoa kwenye mfuko wa koti pakiti nyeupe isiyo na jina. Sigara zake za majaribio.

"Ndugu, hizi haziwezi kuunguza mlima," akasema. "Washa moja, iweke hapo kwenye saruji, uone."

Kuang ni mtu wa kupenda kuona. Aliwasha, akaiweka chini, tukaizunguka wote kama kuku waliomwagiwa mtama. Kaa likatambaa, likafika kwenye mkanda, moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Kuang akaigusa kwa kidole. Baridi.

"Ee bwana," akasema. "Na hii umeipigia hesabu wewe?"

"Miaka minane," Wenbo akajibu, uso umemjaa.

Kuang akakubali kwa sharti kwamba atatusindikiza na bomba lake na kiberiti atakishika yeye. Mama akamtazama Wenbo kwa mara ya kwanza bila ubaya, na Yunqiao akamtazama kwa macho ambayo mimi wifi sikustahili kuyaona. Tukaanza kupanda. Wenbo alitembea kama bwana harusi.

Tulikuwa nusu ya njia akili yangu iliponirudia. Nikamshika mkono, nikawaacha wengine watangulie.

"Wenbo. Hii sigara yako ukiiacha inafanya nini?"

"Inajizima," akasema kwa fahari.

"Na kule juu tunakwenda kuifanya nini?"

"Tunaisimamisha kwenye jiwe, tunaia..."

Hakumaliza. Rangi yote ilimtoka usoni. Alikuwa amesahau tunakwenda kufanya nini, kama alivyosahau kwamba Yuxi iko juu. Na mimi ninayezivuta sigara hizo kwa mashine kila siku nilisahau pamoja naye, kwa vile nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitavaa nini harusini.

"Upepo," akanong'ona, akaanza kupiga hesabu kwa midomo. "Ikisimama wima, upepo wa kusini, kaa likiwa limechongoka vizuri... mkanda wa kwanza litauvuka, labda."

"Labda?"

"Hewa nyepesi, Cuilian."

Kaburini tulifagia, tukang'oa majani, Yunqiao akaweka bakuli la tambi zenye pilipili na mnanaa, Mama akamimina kikombe cha pombe ya mchele. Kisha Mama akajinyoosha koti na kulikabili jiwe.

"Dechang, mwanangu. Mkeo ameposwa. Mtu mwenyewe huyu hapa, unamwona, mwembamba, hata machungwa amechagua machachu. Kazi anayo. Nakuuliza wewe. Ukikubali, vuta. Ukikataa, usivute, mimi nitawaambia."

Kuang akawasha. Wenbo akaisimamisha jiweni. Moshi ukapanda, upepo ukaja, kaa likang'aa, nami nikaanza kuwa na matumaini. Likafika mkandani. Moshi ukawa uzi, ukakatika.

Kuang, aliyekuwa akiuwazia mlima wake tu, alitikisa kichwa kwa heshima na kusema, "Bidhaa safi sana hii." Nilimkanyaga mguu.

"Labda alikuwa anaongea," Mama akasema. "Mpeni nyingine."

Ya pili ikafa pale pale.

Yunqiao akaanza kukusanya bakuli na vijiti, akavipanga kikapuni polepole, akavitoa, akavipanga tena. "Basi, Mama," akasema. "Amesema." Sauti yake haikuwa na kitu. Nilitegemea Mama atafurahi, maana jibu lilikuwa lile alilotaka. Hakufurahi. Alikuwa akiiangalia mikono ya Yunqiao.

Hapo Wenbo akafungua mdomo, na nilitamani aufunge.

"Mama, ni karatasi. Ina mikanda, hewa haipiti. Hata kule getini ilizimika, umeona mwenyewe."

"Kule getini haikuwa na mwenyewe," Mama akasema. "Hapa ina mwenyewe."

"Lakini moto ni ule ule..."

"Ngoja. Nikuulize, Bwana Hesabu, na unijibu." Mama akasogea karibu yake, mdogo, amevaa viatu vya kitambaa, na Wenbo akarudi nyuma mpaka akagusa msonobari. "Unasema mwanangu havuti? Miaka sita nampandishia sigara mlima huu. Zote zile zilikuwa zinavutwa na upepo?"

Niliwaambia Wenbo husahau. Sikuwaambia kwamba hajui kudanganya. Angesema "ndiyo, ni upepo" angeyaharibu yote, na angesema "hapana" ingekuwa mara yake ya kwanza kusema asichoweza kukithibitisha. Nilimwona akihangaika. Yunqiao aliacha kupanga vyombo.

"Sijui, Mama," akasema hatimaye. "Kweli sijui. Najua sigara inavyokufa mtu akiiacha, na najua inavyoishi mtu akivuta. Nani anavuta, hilo halimo kwenye hesabu zangu. Halijawahi kuwamo." Akafikiri. "Ila hii inataka pumzi nyingi kuliko zile nyekundu. Nimeitengeneza hivyo makusudi. Pengine anavuta, haimtoshi. Naomba nimsaidie."

"Unajua kuvuta wewe?"

"Najua namna mashine inavyovuta."

Kuang akawasha ya tatu. Wenbo akapiga magoti kwenye sindano za misonobari, akaisimamisha kwenye jiwe, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Kaka Dechang, naitwa Fei Wenbo. Sigara hii ni kazi yangu. Inajizima kwa sababu nilimtoa baba yangu kwenye moto, na sitaki mtoto mwingine aje kumtoa wake. Nilifikiria watu wanaolala. Wewe sikukufikiria. Nisamehe. Vuta wewe kwanza, mimi nitapokea kwenye mikanda."

Akawa anautazama moshi. Sisi wengine tungeona moshi tu, lakini yeye aliujua kama mama anavyojua pumzi za mtoto mgonjwa. Uzi ulipoanza kuyumba, kabla haujapungua, akainyakua, akaitia mdomoni na kuvuta. Sekunde mbili kamili, kifua kimenyooka, macho mbele, kama midomo ya mashine yangu. Kaa likang'aa, likauvuka mkanda. Akairudisha jiweni kwa mikono miwili, ndipo akaanza kukohoa.

Sijawahi kusikia kikohozi kama kile. Alikohoa akashika msonobari, machozi yakamtoka, Kuang akamwelekezea bomba la maji asijue pa kunyunyiza. Na alipokuwa amekunjika vile, jicho moja lilikuwa bado kwenye moshi. Ukayumba tena. Akaichukua tena.

"Usivute kama unakunywa uji," Mama akasema. "Kidogo. Acha ipoe mdomoni."

Akavuta kidogo. Likavuka. Akakohoa.

"Kohoa kule, unampulizia mwenzio majivu."

"Samahani, Mama. Samahani, Kaka."

Nikageuka kumtazama Mama, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia, yote mawili, anafuta macho kwa mkono wa koti. "Hivi hivi," akasema. "Dechang naye, mara ya kwanza, nyuma ya choo. Nilisikia nikadhani mbuzi amekabwa. Nilikwenda na fimbo, nikamkuta amekaa chini, machozi yanamtoka, ananiambia, Mama, mimi sivuti."

Yunqiao alicheka kwa sauti. Alikuja akamshika Mama mkono, na hakuuachia. Tukasimama hivyo, wanawake watatu na askari wa moto, tukiwatazama wanaume wawili wakigawana sigara moja, mmoja jiweni, mmoja magotini, mpaka kaa lilipofika kwenye kichungi na kuzimika lenyewe, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuunguza.

Mama aliinama, akaangalia, akapima kwa kidole.

"Ameimaliza," akasema. Kisha akamgeukia Wenbo, aliyekuwa bado chini, uso umekuwa kijani. "Na wewe. Ukija kukohoa hivyo nyumbani kwangu, utalala jikoni na paka."

"Mama, mimi sivuti," Wenbo akasema.

"Nimeona."

Hakulielewa. Ilibidi Yunqiao amwinamie na kumkariria neno moja moja: nyumbani kwangu. Wataishi nyumbani kwa Mama, si kwake Wenbo, si kwingine. Chumba kipo, kile cha upande wa jua. Hapo Wenbo alielewa, akainamisha kichwa kwa Mama mpaka paji la uso likagusa sindano za misonobari, akainuka na moja imemng'ang'ania kwenye nyusi. Mimi nilikwenda kuokota fagio ambalo halikuwa limeanguka, kwa sababu nilihitaji kuwapa mgongo kidogo.

Getini Kuang alimrudishia Mama vitu vyake kutoka kwenye beseni. Mama akaifungua pakiti nyekundu, akagonga chini yake kwa kidole, akatoa sigara moja na kumpa Wenbo kwa mikono miwili, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri kupanda.

Wenbo akaipokea kwa mikono miwili. Akaiangalia. Niliona ukucha wa kidole gumba ukisogea, na nikafumba macho. Nilipofumbua, ilikuwa nyuma ya sikio lake. Tulishuka mpaka mjini, tukala tambi, akapanga makaa jikoni, na muda wote huo nilikuwa nikimwangalia mikono. Hakuigusa hata mara moja.